Kabla ya kuota Mombasa, mpeleke mtoto Ngong

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, kunakuwa na familia za aina mbili humu jijini. Kuna ile inayofungasha mizigo na kuelekea pwani, siku hizi kwa gari moshi la SGR lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ili watoto wakapige mbizi Watamu na kupanda ngamia ufuoni Diani. Halafu kuna ile nyingine, ambayo ndiyo wengi wetu, isiyokwenda kokote, ila labda mashambani kwa nyanya iwapo nauli itapatikana. Makala ya likizo magazetini huandikiwa ile ya kwanza. Leo ningependa kuzungumza na hii ya pili, hasa wewe wa Gatwekera, Laini Saba au Makina kule Kibera, na wewe wa Gatina, Kabiro au Congo kule Kawangware.

Hebu nikuulize. Unapokuwa kazini, mtoto wako hufanya nini likizoni? Wazazi wengi hujibu kwamba anacheza hapo nje. Je, hapo nje ni wapi? Ukichunguza utagundua kwamba mvulana wa miaka kumi na miwili ameshadandia matatu inayotoka steji, ametembea juu ya reli akishindana na wenzake ni nani atakayekuwa wa mwisho kuruka gari moshi linapokaribia, au ameingia kuogelea kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua. Mtoto wa umri huo ana kiu ya kujaribu mambo ya hatari kama alivyo na njaa ya ugali. Kiu hiyo huwezi kuizima kwa kumfungia chumbani. Unaloweza kuamua ni atajaribu nini, na ni nani atakayekuwa kando yake.

Wengi wamesahau kwamba jina Kibera linatokana na neno Kibra, ambalo kwa Kinubi ni msitu. Wanajeshi wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles ndio waliopewa makao pale mwanzoni mwa karne ya 20, na walikuta miti, si mabati. Hata Bwawa la Nairobi, lile lililo chini ya kijiji cha Silanga, lilijengwa 1953, na kuna wakati watu walikuwa wakija na mashua za tanga kushindana humo siku za mapumziko. Kijana wa Lindi anayetazama mashua kwenye televisheni leo hajui kwamba babu yake aliziona akiwa amesimama mlangoni pake! Leo bwawa hilo limefunikwa na magugu maji na kujaa majitaka. Mkataze mtoto kabisa kuligusa.

Lakini msitu haujaisha wote. Msitu wa Ngong Road bado una zaidi ya hekta 1,000, na upande mmoja wake umepakana na nyumba za Kibera. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa tu katika habari za wizi na maiti zilizotupwa, ndiposa wazazi wengi hawataki hata kuusikia. Siku hizi una ua, walinzi na njia za kutembea na za baiskeli, na lango la kuingilia liko karibu na uwanja wa mbio za farasi. Ingia kwa lango hilo na ulipe ada. Usipenye kwenye ua, wala usimruhusu mtoto kwenda huko peke yake.

Karibu na hapo, mtaani Jamhuri, kuna kambi ya maskauti iitwayo Rowallan. Mtoto wa Kibera anaweza kufika huko kwa miguu. Humo watoto hulala kwenye hema, hujifunza kufunga kamba, kuwasha moto na kusoma dira. Iwapo shule ya mwanao ina kundi la skauti, mwandikishe muhula utakapofunguliwa. Sare hununuliwa mara moja nayo hudumu miaka. Wewe mwanafunzi wa sekondari uliyefikisha umri wa miaka kumi na minne, ulizia Tuzo ya Rais, mpango ulioanzishwa humu nchini mwaka wa 1966. Mojawapo ya masharti yake ni safari ya ujasiri: siku mbili na usiku mmoja kwa ngazi ya shaba, na siku nne na usiku tatu kwa ngazi ya dhahabu, mkibeba chakula na malazi yenu mgongoni. Ni wanafunzi wachache sana wa mitaa yetu wanaojua kwamba wana haki ya kuomba nafasi hiyo kama wenzao wa shule za kifahari.

Sasa tuje Ngong. Kama ningeambiwa nichague safari moja tu kwa familia yenye nauli ya kubana, ningechagua hii. Mkazi wa Kibera hushuka barabara ya Ngong kupitia Toi au Adams. Yule wa Kawangware huteremka na barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner. Hapo mnadaka matatu nambari 111 hadi mjini Ngong. Kutoka mjini ni mwendo wa kupanda hadi lango la Shirika la Huduma za Misitu (KFS), kwa miguu au kwa bodaboda kwa wale wadogo. Kutoka langoni utaanza kusikia mlio wa mitambo mikubwa inayozungushwa na upepo ili kutoa umeme. Miwili ya kwanza ilifika hapo mwaka wa 1993, ikiwa msaada kutoka Ubelgiji, na sasa KenGen wana megawati 25.5 kwenye milima hiyo. Msimamishe mtoto chini ya mmoja na umwambie ahesabu mapanga yake. Somo la sayansi litamwingia bila kitabu.

Kisha mnaanza kupanda na kushuka, kilele baada ya kilele. Wamaasai husimulia kuhusu jitu lililojikwaa kwenye Kilimanjaro likaanguka, na vifundo vya vidole vyake ndivyo milima hiyo ya Ngong. Ukiitazama kutoka Kawangware asubuhi isiyo na ukungu utaviona vifundo hivyo wazi. Kilele cha juu kabisa, Lamwia, kina mita 2,460. Upande wa kushoto Nairobi yote inalala miguuni pako, ukiwa na macho makali utatambua hata majumba marefu ya mjini. Upande wa kulia ardhi imeporomoka ghafla na kuwa Bonde la Ufa, joto na vumbi mpaka upeo wa macho. Mtoto aliyezoea kuona ukuta wa jirani tu hunyamaza hapo. Mwache anyamaze. Usianze kumuuliza maswali.

Mama mmoja wa Kawangware aliwahi kuniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema, "Mimi hutembea kila siku kwenda Lavington kufua nguo za watu, na kurudi. Leo unaniambia nilipe pesa nikatembee?" Ni hoja nzito, na anayeipuuza hajui maisha ya mitaa yetu. Nilimjibu hivi. Miguu hiyo inayompeleka Lavington, na ile ya baba anayekwenda Industrial Area kila alfajiri ili abaki na nauli, ndiyo miguu itakayowashinda vijana wote mlimani. Watoto wetu hutuona tukirudi tumechoka, hawatuoni tukiwa hodari. Pale kilele cha tatu, kijana wako wa sekondari akiwa amekaa chini anahema nawe ungali unasonga, atakutazama kwa macho mengine. Mama huyo alicheka. Kama alikwenda au hakwenda, hilo sikuuliza.

Tahadhari za Ngong ni mbili. Kwanza, kumewahi kutokea visa vya wageni kuibiwa huko juu, kwa hivyo nendeni kundi na mwajiri askari wa msitu pale langoni awaandamie. Mkichanga watu kumi, ada yake haiumi. Pili, mwezi wa Agosti upepo wa huko ni mkali na ukungu hushuka ghafla. Sweta nzito, tena moja ya ziada kwa mdogo. Raba za mtumba kutoka Toi zinatosha bora tu zisiwe zimeisha soli, malapa hapana.

Kwa wale wakubwa kidogo kuna Hell's Gate, karibu na Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi. Mbuga hii ilianzishwa mwaka wa 1984 na ni mojawapo ya chache ambazo unaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa. Fikiria, msomaji: unapiga pedeli huku punda milia wakivuka njia mbele yako na twiga wakikutazama juu ya migunga, bila kioo cha gari baina yenu. Nyati wapo pia, kwa hivyo msitoke njiani kufuata picha. Jirani yake Longonot, mlima wa volkano wenye mita 2,776, unawafaa vijana wenye pumzi; ukifika ukingoni mwa shimo la volkano, bado kuna zaidi ya kilomita saba ukitaka kulizunguka lote.

Kuhusu Hell's Gate kuna jambo ambalo lazima niliseme waziwazi, maana wauzaji wa safari hulipitia juu juu. Ndani ya mbuga kuna korongo liitwalo Ol Njorowa, jembamba, lenye kuta ndefu za miamba zilizochongwa na maji. Ni pazuri mno. Mwezi wa Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa na mafuriko humo wakafa. Mwezi wa Septemba 2019 watu wengine saba walifariki katika korongo hilohilo, kwa njia ileile. Maji hayo hayatoki mbinguni juu ya kichwa chako. Mvua hunyesha mbali, huko ambako huoni wingu, kisha maji yote hukusanyika na kuteremka kwa kishindo kwenye mfereji huo mmoja usio na pa kutokea. Wewe uliye ndani unaweza kuwa na jua usoni na dakika chache tu za kuishi. Korongo limewahi kufungwa kwa sababu hiyo. Kwa hivyo waulize askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kama limefunguliwa siku hiyo, ingieni na mwelekezi anayelijua, na iwapo kuna dalili ya mvua upande wowote, kaeni juu. Kiongozi wa kundi asiyeweza kuwaambia vijana arobaini "leo hatuingii" hafai kuongoza hata matembezi ya kwenda sokoni.

Swali la pesa. Ada za KWS na KFS hubadilika mara kwa mara, hivyo ulizia siku moja au mbili kabla. Malipo hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, kwa hivyo usitegemee noti mfukoni. Beba kitambulisho, na mwanafunzi abebe chake cha shule, kwani Mkenya hulipa kidogo kuliko mgeni, na mtoto kidogo zaidi. Njia ninayoipendekeza ni ya ploti. Familia sita zinazotumia mfereji mmoja wa maji zinaweza kuchanga kidogo kila Jumamosi kuanzia shule zinapofunguliwa, kama chama chochote, na kufikia likizo wakakodi matatu ya mtaani kwa siku nzima. Haba na haba hujaza kibaba, na dereva unayemjua atakupunguzia.

Jambo jingine linalonikera: katika safari nyingi za aina hii nimeona wavulana wanane na msichana mmoja. Wengine wameachwa wakifua na kulea. Msichana naye ana mapafu. Kama nguo ni nyingi, zifuliwe Ijumaa na watoto wote.

Wenye watoto wa chini ya miaka saba wasikate tamaa. Nairobi Safari Walk, kando ya lango kuu la Mbuga ya Nairobi kwenye barabara ya Lang'ata, ni ya kutembea kwa miguu juu ya vipito vya mbao, na mdogo ataona simba kabla hajachoka. Mbuga yenyewe, iliyoanzishwa 1946 ikiwa ya kwanza nchini, haitaki watu wa miguu, inataka gari.

Mkiamua kuanza na Ngong Jumapili ijayo, tokeni nyumbani saa kumi na mbili unusu asubuhi ili saa mbili muwe langoni. Bebeni chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, maana huko juu hakuna kisima wala kioski. Mkitembea moja kwa moja bila kurudi mlikotokea mtateremkia Kona Baridi, kwenye barabara ya kwenda Magadi, na hapo mtapata matatu za Kiserian. Jitahidini kufika kabla ya saa tisa, kwani jioni magari hupungua na makanga huanza kutaja bei wanazotaka.