Bastola haitalinda zizi la Katangi

Wizi wa mbuzi ukizidi huku Yatta, hakosekani mtu wa kusimama barazani mbele ya chifu na kuuliza: kwa nini raia tusipewe bunduki? Uchungu wake tunauelewa. Hapa Katangi soja wa ghala la ndengu hukesha na uta, podo la mishale na tochi ambayo mfuniko wake umefungwa kwa kipande cha tyubu. Babu zake waliangusha ndovu kwa mishale ya sumu, lakini jambazi wa leo haji na mshale.

Hata hivyo, jibu letu ni hapana.

Wengi huzungumza kana kwamba bunduki imekatazwa. Haijakatazwa. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamruhusu raia kumiliki bastola akipewa cheti: aeleze sababu, achunguzwe, kisha akihuishe kila mwaka. Marekani wameifanya kuwa haki ya kikatiba tangu 1791, na leo bunduki za raia wao ni nyingi kuliko raia wenyewe. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu cha namna hiyo, wala hatuoni haja ya kukiomba.

Ugonjwa wetu uko kwingine. Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa 8,136. Yaani katika kila mia, serikali ilikuwa inaijua moja hivi. Desemba 2018 Fred Matiang'i, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, alifuta leseni zote za bunduki na kuwapa wenye nazo siku 90 wahakikiwe upya. Wenye bunduki zile 99, nani aliwapa siku 90? Novemba 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto Ngong mbele ya kamera. Moshi ulikuwa mwingi kuliko hesabu.

Uingereza ilipiga marufuku bastola mwaka 1997, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane. Australia ilinunua kutoka kwa raia bunduki kama 650,000. Wenzetu hao walishughulika zaidi na bunduki zilizokuwa zimemilikiwa kihalali. Zetu huvuka mpaka gizani, na kesi za askari wanaodaiwa kuwakodishia majambazi silaha za serikali si ngeni mahakamani.

Sasa mpe mwenye boma bastola. Mwizi atakuja kwa ajili ya hiyo bastola, na mbuzi watakuwa nyongeza. Isitoshe, boma hilo hilo lina ndugu wanaogombania mpaka wa shamba, na jioni lina pombe ya kaluvu.

Tunachodai ni gari la polisi lenye mafuta saa nane za usiku, na simu ya kituo inayopokelewa. Tunadai pia kila bunduki ya askari ihesabiwe, na risasi zake, anapotoka zamu. Anayetaka kusalimisha silaha haramu apate pa kuipeleka bila kulazwa seli.

Na soja wetu wa ndengu anunuliwe tochi mpya. Hilo halihitaji Bunge.