Mtu wa motopompe ya chuo kikuu naye alipwe

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama wenye kubaki nyumbani mukihesabu makuta ya minervali, leo siandiki juu ya shimo. Ninaandika juu ya watu ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona kwa macho: wale vijana wa informatike ndani ya vyuo vikuu ambako watoto wetu wanasoma. Mutaniuliza, mtu wa sindika ya machimbo anatafuta nini mule? Ninatafuta makuta yetu, na ninatafuta haki ya mfanyakazi. Hivyo viwili viko pamoja.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo viliingia kwenye mpango ule wanaita LMD. Zamani mtoto alikuwa anasema: nimepita, ao nimefeli. Sasa anahesabiwa kredi: 60 kwa mwaka, 180 kwa kupata licence, na 120 juu yake kwa kupata master. Kila somo na kredi zake, kila deni la somo linafuata mtoto mwaka wa kesho. Hesabu hiyo kwa wanafunzi elfu na zaidi, nani ataifanya kwa kalamu na karatasi? Inafanyika kwa kompyuta, na nyuma ya kompyuta kuko mtu.

Mtu huyo ni sawa na mwenye kuendesha motopompe kwenye shimo letu. Wakati maji yanatoka vizuri, hakuna anayemwangalia. PDG anapita bila kumusalimia. Lakini siku mashini inazima na maji yanapanda, kila mtu anaita jina lake, na wa kwanza kupiga kelele ni yule hajawahi kumulipa.

Mchimbaji mwenzetu mmoja wa hapa Kiwanja alingojea wiki na wiki karatasi ya pointi ya binti yake. Chuo sitakitaja. Binti alikuwa anapiga simu: «Papa, ile mashini haifunguke, mwenye iko na neno la siri alishaendaka.» Alienda wapi? Kwenye ONG, kama wengi. Karatasi ilitoka kisha kazi ambayo binti alikuwa anatafuta ilishafungwa. Baba alikuwa amelipa kila kitu, na risiti anazo zote. Alilaani yule kijana wa informatike. Mimi nilimuambia: usilaani haraka, uliza kwanza kama kijana yule alikuwa analipwa.

Kwa maana sheria ya 2018 juu ya wafanyakazi wa vyuo vikuu inawaweka mafungu: kuko waprofesa, kuko waasistanti na wenzao, na kisha kuko PATO, yaani watu wa administrasio, wa teknike na wa kazi za mikono. Kijana wa informatike, mara nyingi, utamupata katika hili fungu la mwisho. Na wengi wa fungu hilo wanaitwa «nouvelles unités»: wako na barua ya kazi lakini hawajaingia kwenye listi ya mishahara ya Kinshasa. Mtu anaweza kuwa «mpya» hivyo miaka na miaka, mupaka nywele zigeuke nyeupe. Anaishi na nini? Na prime ya chuo, ambayo inatoka kwenye minervali. Yaani inatoka kwenye mifuko ya koltani na kasiteriti tunayobeba mgongoni. Tangu benki za Goma zifunge mwisho wa Januari 2025, hata kujua makuta gani yameingia na siku gani imekuwa kazi nyingine.

Sasa wakubwa wa vyuo wanapenda neno moja: motivation. Kwetu Kongo neno hilo limeharibika. Mzazi aliyesomesha mtoto mbele ya 2019, kabla masomo ya primeri hayajakuwa ya bure, anajua: motivation ilikuwa makuta ambayo mzazi anaongeza kwa sababu serikali haikulipa mwalimu. Ni hivi tulifundishwa kwamba kumutia mtu moyo ni kumupa bahasha. Na bahasha iko na ubaya wake: inaingia kwa mmoja, inaruka mwingine, inakuja siku mkubwa anafurahi. Kesho yake watu wanaangaliana kwa jicho baya. Nimeona timu za shimo zikivunjika kwa sababu ya bahasha kuliko kwa sababu ya njaa.

PDG mzuri, na wako, anafanya vingine. Mbele ya kushuka anasema kila mtu atapata fungu gani: mfuko wa ngapi ni wa timu, wa ngapi ni wa miti na mafuta. Siku ya kugawanya inajulikana. Kama mavuno ni mabaya, anaita watu, anawaonyesha, anasema «leo ni hivi». Watu watanungunika, ndiyo, lakini kesho watarudi. Na anashuka yeye mwenyewe mara moja moja kuangalia miti kama inaoza. Sijasikia jambo kubwa zaidi ya hilo juu ya uongozi, hata kwenye semina ambako wanatupa kalamu na sukari.

Rudisha hiyo kwenye chuo kikuu. Komite inayoongoza chuo iko na rekta, sekretere jenerali wa masomo, sekretere jenerali wa administrasio, na mwenye budjeti. Mtu wa informatike hana kiti pale. Wanakata shauri kwamba wanafunzi wote watajiandikisha kwa kompyuta, kisha wanamuambia yeye: fanya, siku kumi na tano. Hakuna aliyemuuliza mashini ziko ngapi, betri ziko na nguvu gani. Umeme wa Matebe, unaotoka hapa kwetu Rutshuru, unafika mupaka Goma, lakini ukikatika usiku ni yeye anaamuka kwenda kuwasha jenereta, na saa hizo za usiku haziandikwe popote. Mimi ningeanza na hapo: siku za kukata shauri juu ya mashini, aitwe, asikilizwe, aweze kusema «hapana, haiwezekane» bila kufukuzwa. Haiombi hata franka moja. Kisha prime yake iwe na siku na kiasi kinachojulikana. Na apate kujifunza, kwa sababu kazi yake inageuka kila mwaka kuliko yetu.

Hili si shida ya Kongo peke yake. Pale Makerere, Uganda, chuo ambacho wengi wetu tunakisifu, mwaka 2016 walimu waligoma kwa sababu ya makuta ya nyongeza ambayo chuo kiliahidi na hakikulipa kwa miezi. Mwezi wa kumi na moja Rais Museveni akafunga chuo chote, wanafunzi wakatumwa nyumbani mupaka mwaka mupya. Walikuwa walimu, si watu wa kompyuta, lakini chanzo ni kilekile: ahadi ya makuta bila siku ya kulipa.

Sisemi hawa vijana ni malaika. Kuko anayeondoka na neno la siri mfukoni ili wakubwa wamutafute wakiomba. Hiyo hapana. Kwetu sisi, mtu wa motopompe ambaye anatoa buji wakati wenzake wako chini, hatumuite mgomaji, tunamuita muuaji. Kugoma kuko na njia yake: barua mbele, siku zinazohesabiwa, na watu wachache wanabaki ili kazi isife kabisa. Neno la siri liandikwe na liwekwe chini ya mihuri ya watu wawili. Mfanyakazi anayelipwa na kuheshimiwa hatakataa hiyo. Asiyelipwa utamuambia na uso gani?

Kuko na jambo moja linanichoma. Ndani ya koltani kuko tantale, na tantale ndiyo inatengeneza vile vidude vidogo vya kushika umeme ndani ya kompyuta na simu. Mashini ile iliyomufungia binti wa mwenzetu karatasi yake, pengine iko na jiwe lililotoka Rubaya. Tumelitoa chini kwa bei ya chini, tumelipia tena kwa bei ya juu, na kijana anayeilinda analala na njaa.

Wazazi wanasomesha watoto Goma, mwaka huu mukilipa frais, musiishie kwenye kupata risiti. Kamati za wazazi ziandikie chuo, kwa heshima, ziulize: ile frais ya informatike inalipa nini, na watu wangapi wanaofanya kazi hiyo wanalipwa siku gani ya mwezi? Barua iandikwe kwa jina la wazazi wote, si la mtu mmoja, ili hakuna mtoto atakayelipishwa kwa pointi. Na nyinyi wa PATO munaosoma hapa, delege wenu wakitaka kukaa na sisi wa machimbo kuona namna tunaandika barua ya kugoma, sisi tuko Kiwanja, siku ya posho kisha saa nane, wakati watu wanarudi kutoka sokoni.