Moto wa Kupikia na Moto wa Kuota

Sisi tuliolelewa Matai hatuhitaji kalenda kutuambia ya kuwa mwezi Juni umeingia. Upepo wa kusi hupita juu ya uwanda wa Ufipa, ambao hauna msitu wa kuuzuia, na alfajiri umande wa nyasi hufisha ganzi miguu ya mtoto anayetumwa maji. Ndugu msomaji wa Dar es Salaam au wa Tanga huenda akacheka, maana kwake baridi ni habari ya Ulaya. Lakini uwanda wetu uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mtu akishuka kutoka Matai mpaka Kasanga, pwani ya Ziwa Tanganyika, huvua koti njiani kabla hajafika.

Katika nyumba ya bibi yangu moto ulikuwa katikati ya chumba, juu ya mafiga matatu. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, na paa lake la nyasi, jeusi kwa masizi. Moshi haukuwa na mlango wake. Ulipanda polepole na kutokea katika nyasi, na ukipanda ulifanya kazi. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga, na juu ya uchaga yalikaa mahindi ya mbegu, ambayo moshi uliyakinga na wadudu, pamoja na migebuka iliyoletwa kutoka ziwani. Jioni chungu cha maharage kilipoteremshwa, moto haukuzimwa. Hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanza. Babu alikaa upande usiopata moshi, sisi watoto tulisukumana upande wa pili, na bibi aliupasha moto mfupa wa goti lake huku akimenya karanga. Wakati wa kulala jiwe lililopashwa moto lilifungwa katika kipande cha gunia na kuwekwa miguuni petu, na makaa yalifukiwa katika majivu ili yaamke asubuhi.

Sipendi kusema ya kuwa mambo hayo yote yalikuwa mema. Bibi alikuwa na macho mekundu mwaka mzima, na kikohozi chake tulikijua kama tulivyojua sauti ya mlango. Tena kuni hazikuwa rahisi. Wazee wetu wa Ufipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Matanuru yao marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yalikula mkaa mwingi, na mengine husimama porini hata leo. Uwanda wenyewe ni wa nyasi kuliko miti, na ndiyo sababu Wafipa walijifunza kurutubisha mashamba kwa kufukia nyasi katika matuta ya mviringo, wala hawakutegemea majivu ya miti iliyokatwa kama majirani zao wengi. Basi mama zetu walikwenda mbali kutafuta kuni, na siku walizokosa tuliota magunzi ya mahindi, ambayo huwaka kwa fahari na kuzimika kabla hadithi haijafika katikati.

Halafu yakaja maendeleo, nayo tuliyapokea kwa furaha. Baba alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma na kuiezeka kwa bati. Jiko likatolewa nje, katika kibanda chake. Nyumba ilikuwa safi, haikuvuja, na wageni waliisifu. Jambo moja tu hatukulifikiri. Paa la nyasi hulinda joto. Bati lisilo na dari chini yake hulipoteza mara jua linapotua. Usiku wa kwanza wa Julai katika nyumba ile ulikuwa wa baridi kuliko usiku wowote niliowahi kulala kwa bibi.

Mimi na ndugu yangu tulipata ufumbuzi wetu wenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tulichukua jiko la mkaa lililokwisha kupikiwa, tukaliingiza chumbani, tukaziba dirisha kwa gunia, tukalala kwa raha kubwa. Mama aliamka usiku kwa sababu mtoto mchanga alikuwa akilia, akatuita, hatukuitika. Alituburura mpaka uani mmoja mmoja. Nakumbuka nyota, nakumbuka kichwa kilichogonga kama nyundo, na ndugu yangu akitapika juu ya nyasi. Laiti mtoto yule asingelia, mimi nisingeandika maneno haya.

Siku zile tulisema ya kuwa mkaa umetulevya. Leo twajua vizuri zaidi. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara mia mbili ya ile ya oksijeni. Aliyelala huendelea kuvuta pumzi, lakini pumzi hiyo haimfai. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya watu. Mtu huona hakuna moshi, akafunga mlango.

Nasema haya kwa sababu mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo. Shabaha hiyo ni njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote, kwa ajili ya macho ya bibi yangu. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa uchafu wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Lakini neno ni hilo hilo: kupikia. Nilipokwenda nyumbani Julai iliyopita nilikuta mtungi wa gesi tuliomnunulia mama umesimama pembeni, umefunikwa kitambaa cheupe kama mgeni wa heshima, naye ameketi penye mafiga. Nilimwuliza kwa nini hautumii. Akanijibu, “Mwanangu, huo unapika, lakini hauoteki.”

Naona mama amewashinda wataalamu wengi kwa maneno hayo machache. Kwa mkazi wa pwani moto una kazi moja ndani ya nyumba. Kwa mkazi wa Ufipa, wa Makete au wa Lushoto una kazi mbili, na ukimwondolea kuni bila kumpa joto, atarudi kwenye kuni kwa siri au ataingiza jiko la mkaa chumbani kama tulivyofanya sisi. Wala asiambiwe anunue hita ya umeme. Hita ndogo ya wati 1,000 hula umeme sawa na taa mia moja za wati 10. Mshahara wa mfanyakazi hauwezi kuubeba mzigo huo, sembuse mfuko wa mkulima.

Waingereza walipita njia hii. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe, mwingi wake ukiwa wa mioto ya kuota majumbani, ulichanganyika na ukungu juu ya London na kuua maelfu ya watu. Ikaja Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956. Sheria hiyo haikuwaambia watu wazime moto wakatetemeke. Palipopigwa marufuku moshi, wenye nyumba walilipwa sehemu kubwa ya gharama za kubadili meko yao.

Nilipokuwa mwanafunzi wa misheni niliona kwa mara ya kwanza dohani katika nyumba ya mapadri: moto ukutani, joto chumbani, moshi nje. Nilidhani ni kitu cha Kizungu. Kumbe ni matofali na udongo, navyo Ufipa havikosekani. Jiko la matofali lenye dohani, likijengwa kuelekea ukuta wa chumba cha kulala, hutumia kuni chache na kuupasha ukuta moto mpaka usiku. Dari ya mbao au hata ya matete chini ya bati hulizuia joto lisitoroke. Ninyi wenzangu mnaoketi katika vikao vya kata na vya wilaya, mkipokea hesabu ya mitungi iliyogawiwa, ulizeni pia ni nyumba ngapi zimepata dohani, na ni nani amewaeleza akina mama kliniki habari za jiko la mkaa chumbani.

Kwetu nimekwisha patana na fundi. Alishangaa kidogo, akauliza dohani ya nini katika nyumba ya kulala watu. Mama ndiye aliyemjibu, kisha akamwonyesha mahali kwa fimbo yake: ukuta wa chumba cha wajukuu, upande ule ule wa dirisha tulilolizibia gunia.