Nia ya Misa kwa Askari Aliye Mbali



Mwezi uliopita, baada ya Misa ya kwanza ya Dominika, mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo alibaki katika benchi la nyuma mpaka waamini wote walipokwisha kutoka. Kisha akaja sakristia na bahasha ya nia ya Misa. Juu yake alikuwa ameandika jina la ubatizo la mwanawe, na chini ya jina neno moja tu: mwanajeshi. Tulidhani kijana yuko katika Jeshi letu la Wananchi. Kumbe sivyo. Alikwenda Marekani kusoma, akapata kibali cha ukaazi wa kudumu, na kwa kuwa sheria za nchi ile humruhusu mwenye kibali hicho kujiunga na jeshi, leo anavaa sare ya Marekani. Mama akauliza kwa sauti ya chini: "Baba Paroko, nikiomba mwanangu asipelekwe vitani, si ninaomba apelekwe mtoto wa mwenzangu?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tuliipokea nia yake, tukamwahidi Misa, na tangu siku ile swali lake halijatuacha. Juma hili tumeona vema tulitafakari pamoja nanyi.

Huenda wapo watakaosema kwamba siasa za Marekani hazituhusu sisi tulio huku. Lakini tusisahau Agosti 7, 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ziliposhambuliwa kwa mabomu, wakafa watu 224. Waliokufa walikuwa kwa sehemu kubwa sana Waafrika, watu waliokuwa kazini au wakipita njia. Ugomvi haukuwa wao. Tangu hapo tunafahamu kwamba yanayoamuliwa Washington hufika hadi mlangoni petu, kwa heri au kwa shari.

Heri na shari hizo ziliwahi kutamkwa usiku mmoja, tena na mtu mmoja. Januari 28, 2003, Rais George W. Bush alilihutubia Bunge la nchi yake. Katika hotuba hiyo aliomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano ili kupambana na UKIMWI, hasa barani Afrika. Ndipo ukazaliwa mpango tunaoujua kwa jina la PEPFAR. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizolengwa tangu mwanzo. Ndugu zetu waliokuwa wakichukuliwa kwa machela wakaanza kupata dawa za kufubaza makali ya virusi, wakarudi shambani, wakawalea watoto wao. Mpango huo unahesabiwa kuwa umeokoa maisha ya watu wapatao milioni 25. Hilo ni jema, na tusipolishukuru tutakuwa kama wale wakoma tisa ambao hawakurudi.

Lakini katika hotuba ile ile Rais aliwaandaa watu wake kwa vita ya Iraki. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alisihi vita ile isitokee. Alimtuma Kardinali Pio Laghi, aliyekuwa zamani balozi wake Washington, akaonana na Rais siku ya Jumatano ya Majivu, Machi 5, 2003. Wiki mbili baadaye mabomu yalianza kuanguka Baghdad. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya vita hazikupatikana. Raia wa Iraki zaidi ya laki moja walipoteza maisha, na askari wa Marekani waliokufa katika vita za Iraki na Afghanistani, tukizijumlisha, wanakaribia 7,000. Kila mmoja wao alikuwa na mama.

Tunaposema hivyo hatuna nia ya kumdharau askari, wala Kanisa halijamdharau kamwe. Bwana wetu alistaajabia imani ya akida wa Kapernaumu. Yohane Mbatizaji, askari walipomwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaagiza wasimdhulumu mtu na waridhike na mishahara yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulifundisha kwamba wanaotumikia jeshini, wakiitimiza kazi yao ipasavyo, ni watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa, na hivyo huchangia kweli katika kuiimarisha amani. Lakini Mtaguso huo huo ulionya kwamba mashindano ya silaha ni donda la ubinadamu na huwaumiza maskini kupita kiasi. Mafundisho hayo mawili yamo katika hati moja, na Mkristo hana ruhusa ya kuchagua lile linalompendeza na kuliacha jingine.

Ni nani ametuonyesha askari mwema alivyo? Tumkumbuke Padre Emil Kapaun, mtoto wa wakulima wa Kansas, padre wa jeshi la Marekani katika vita ya Korea. Novemba 1950, wenzake walipopata nafasi ya kurudi nyuma huko Unsan, yeye alibaki na majeruhi wasioweza kutembea, akatekwa pamoja nao. Kambini aliiba chakula usiku ili awalishe wafungwa wenzake, akawafulia nguo waliougua kuhara, akawaombea Wakatoliki na wasio Wakatoliki bila kubagua. Alifariki dunia huko Mei 23, 1951. Serikali ya nchi yake ilimpa nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa mwaka 2013, yaani baada ya miaka zaidi ya 60, na Kanisa linaendelea na mchakato wa kumtangaza kuwa mtakatifu. Ushujaa wake ulikuwa ni kutowaacha waliojeruhiwa.

Kwa kipimo hicho cha Padre Kapaun tuliangalie taifa lililomtuma. Marekani iliacha kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima mwaka 1973. Leo walio katika utumishi kamili wa jeshi ni watu wapatao milioni 1.3, hawafikii hata mmoja katika kila raia 100. Familia nyingi hazina mtoto wa kumlilia vita inapotangazwa. Askari huagwa kwa bendera, hupigiwa makofi uwanjani kabla ya mchezo, hushukuriwa na wageni katika viwanja vya ndege. Shukrani hizo ni njema, ila hazimgharimu anayezitoa.

Gharama huonekana baadaye. Katika kambi za Iraki na Afghanistani jeshi lilikuwa likichoma taka katika mashimo makubwa ya wazi: plastiki, rangi, betri, taka za hospitali, vyote pamoja. Askari walilala karibu na moshi huo. Waliporudi nyumbani wakaanza kuugua vifua na saratani, na kwa miaka mingi wengi waliambiwa wathibitishe wenyewe kwamba moshi ndio uliowaua. Mwaka 2022 uliletwa muswada wa kuwapa matibabu na fidia. Ulikwisha kuungwa mkono na wengi wa pande zote mbili, lakini mwishoni mwa Julai ulikwama katika Baraza la Seneti kwa mabishano ya namna ya kuhesabu fedha zake. Maveterani, baadhi yao wagonjwa, walikesha nje ya Bunge siku kadhaa wakidai haki yao. Agosti 2 Maseneta wakaupitisha kwa kura 86 dhidi ya 11, na Agosti 10 Rais Joe Biden akautia saini. Sheria hiyo ina jina la Heath Robinson, sajini wa Ohio aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2020. Yeye mwenyewe hakuiona.

Lipo jeraha lingine lisilotokana na moshi. Taarifa za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba maveterani zaidi ya 6,000 hujiua kila mwaka. Hebu tutulie kidogo mbele ya hesabu hiyo. Miaka 20 ya vita mbili iliua askari wasiozidi sana 7,000. Mwaka mmoja wa upweke nyumbani huchukua karibu idadi ile ile. Maveterani wote ni wengi kuliko waliopigana vita hizo mbili, na wapo waliotumikia zamani sana, hivyo hatusemi kwamba vita peke yake ndiyo sababu. Tunasema kwamba taifa linalojua kumpeleka askari halijajua bado kumpokea.

Si kwamba fedha hazipo. Taasisi ya Utafiti wa Amani ya Stockholm inakadiria kwamba mwaka 2024 Marekani ilitumia dola bilioni 997 kwa masuala ya kijeshi, zaidi ya theluthi moja ya matumizi ya dunia nzima. Mwaka uliofuata, sheria ya bajeti iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliongeza takriban dola bilioni 150 kwa ulinzi, huku ikipunguza fedha za Medicaid, mpango wa matibabu kwa watu wa kipato kidogo. Maaskofu wa Marekani walionya juu ya maskini watakaoumia. Siku tatu tu kabla yake, Julai 1, shirika la misaada la USAID lilikoma kuendesha miradi yake, na katika nchi nyingi za Afrika huduma za UKIMWI zilikuwa zimekwisha kuyumba tangu misaada iliposimamishwa mwezi Januari.

Aliyeyaona mapema hayo alikuwa askari. Jenerali Dwight Eisenhower aliyaongoza majeshi ya washirika yaliyotua Normandy Juni 6, 1944. Hakuna awezaye kumwita mwoga. Alipokuwa Rais, Aprili 16, 1953, alisema hadharani kwamba kila bunduki inayotengenezwa ni wizi kwa wenye njaa na wenye kutetemeka kwa baridi. Akapiga hesabu: bei ya ndege moja kubwa ya mabomu ingetosha kujenga shule katika miji zaidi ya 30. Na alipokuwa akiaga madaraka, Januari 17, 1961, aliwaonya wananchi wajihadhari na nguvu ya muungano wa jeshi na viwanda vya silaha. Miaka sita baadaye Papa Paulo VI, katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, aliomba sehemu ya fedha za silaha iwekwe katika mfuko wa dunia kwa ajili ya maskini. Jenerali na Papa walikutana katika jambo moja. Maonyo yao hayajafuatwa mpaka leo, awe madarakani rais wa chama hiki au cha kile.

Bwana alitufundisha kwamba moyo wa mtu hukaa pale ilipo hazina yake. Kwa hiyo sisi tunaamini kwamba bajeti ya taifa ni ungamo lake la imani, la kweli kuliko hotuba. Hotuba husema askari ni shujaa na maskini ni ndugu. Bajeti husema nani atasubiri.

Lakini ndugu zangu, tusimwone kibanzi mwenzetu na kulisahau boriti letu. Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi nyingi hazijafika hapo. Kwa miaka zaidi ya 20 tuliacha dawa za watu wetu zitegemee moyo wa mpiga kura wa nchi ya mbali, na moyo wake ulipogeuka tukashtuka. Aidha, sisi nasi tunao askari wetu. Desemba 7, 2017, huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, walinzi wa amani Watanzania wasiopungua 14 waliuawa wakiwalinda watu wasiowajua. Tuliwalilia kwa heshima. Je, nani kati yetu anajua leo watoto wao wanasoma wapi?

Tulimwadhimishia Misa kijana yule Jumanne iliyopita. Baada ya Misa tulimwambia mama hivi: mama, kumwombea mwanao si dhambi, Bikira Maria naye alimtafuta Mwanae siku tatu kwa uchungu. Ila usimwombee peke yake. Ombea na mama wa yule atakayesimama mbele yake na bunduki. Ombea wale wenye mamlaka ya kutuma, wasitume kamwe kwa wepesi. Na wakituma, wawe tayari kulipa gharama yote, hata ile ya miaka 30 baadaye. Alinyamaza, kisha akasema ataongeza bahasha ya pili, na hiyo haitakuwa na jina.

Nasi tunayo kazi juma hili. Katika parokia yetu zipo familia za askari: wajane, wazee waliotumikia zamani, na wazazi ambao watoto wao wako mbali. Tunawaomba wenyeviti wa jumuiya wazitaje familia hizo katika ibada ya Alhamisi na kuleta majina ofisini, ili kabla ya mwezi kwisha kila moja iwe imetembelewa. Tusiende mikono mitupu, wala tusiende na hotuba. Tukae, tusikilize.

Bwana Mungu wa amani awalinde wote walio mbali na nyumba zao. Amina.