Si una leseni?

BENCHI LA NJE
Na Mzee Kibatari

Leseni ya uuguzi na ukunga nchini Tanzania hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya mwaka 2010. Mwenye stashahada huifikia baada ya miaka mitatu ya chuo. Mwenye shahada husoma minne, kisha hutumikia mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini. Leseni ni ruhusa ya kumgusa mgonjwa bila mwalimu kusimama nyuma ya bega. Haisemi zaidi ya hapo, na wodi nyingi huisoma kana kwamba inasema.

Kati ya leseni na ajira lipo benchi, na safu hii inayafahamu mabenchi. Nafasi za serikali hutangazwa kwa awamu, na waombaji daima ni wengi kuliko nafasi. Hospitali binafsi nazo huandika getini kwamba zinataka uzoefu usiopungua miaka miwili, kutoka kwa mtu ambaye wino wa leseni yake haujakauka. Ndipo imezaliwa kada isiyomo katika muundo wowote wa utumishi: wanaojitolea. Anayejitolea hupangiwa zamu, huingia usiku, hukemewa sawasawa na mwajiriwa, na mwisho wa mwezi hupewa nauli, ikipatikana.

Mjomba wa mwenye safu alipolazwa mwaka jana alihudumiwa siku nne na binti wa namna hiyo na hakuwahi kujua kwamba halipwi.

Anayebahatika kuajiriwa hupokea barua ya cheo: Muuguzi kwa mwenye cheti, Afisa Muuguzi Msaidizi kwa mwenye stashahada, Afisa Muuguzi kwa mwenye shahada, wote Daraja la II. Huripoti kwa mwajiri, hujaza fomu, husubiri cheki namba ya kulipiwa mshahara, hutafuta chumba cha kupanga karibu na hospitali kwa sababu zamu ya usiku haisubiri daladala. Kisha huingia wodini.

Jumanne ya wiki hii, katika hospitali moja ambayo jina lake halitaongeza wala kupunguza kitu, muuguzi wa wiki ya pili kazini alikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto. Vitanda vilikuwa kumi na vinane na watoto ishirini na saba, kwa hesabu ya mwenye safu, aliyekuwa kwenye benchi akimuuguza mjukuu. Wauguzi wa zamu walikuwa wawili: huyo mpya, na mkongwe aliyekuwa chumba cha wauguzi, mlango wazi, chupa ya chai mezani. Mtoto wa miezi minane alikuwa ameharisha siku mbili. Macho yalikuwa yamezama, hanyonyi tena, na ngozi ya tumbo ikivutwa ilichelewa kurudi. Kanula ya kwanza, mkono wa kulia, ilitoboa mshipa. Ya pili, mkono wa kushoto, haikuupata kabisa.

“Wee binti,” alisema bibi wa mtoto, “unamdunga mjukuu wangu kama unajifunza kushona?”

Binti akaenda mlangoni. “Mama, samahani, naomba unisaidie. Mshipa umenishinda.”

Jibu lilitoka bila kiti kusogea: “Si una leseni?”

Alikuwa nayo. Tena alikuwa na kila kitu ambacho leseni hupima. Mtoto aliyekauka kiasi hicho, akiwa chini ya mwaka mmoja, hupewa mililita 30 za maji ya mshipa kwa kila kilo ndani ya saa ya kwanza, kisha 70 kwa kila kilo ndani ya saa tano zinazofuata. Mtoto wa kilo 7 ni mililita 210, halafu 490. Kwa mpira wa dripu wenye matone 20 kwa mililita, saa ya kwanza ni matone 70 kwa dakika. Binti alikuwa ameziandika hesabu hizo pembeni ya chati, kwa mwandiko safi, na zilikuwa sahihi. Hesabu hufundishika darasani. Mshipa wa mtoto aliyekauka haufundishiki huko, kwa sababu mkono wa plastiki wa maabara ya chuo haulii, haujivuti, wala hauna bibi. Kwamba mkono hupashwa kwanza kwa kitambaa cha uvuguvugu, kwamba mguu au kichwa huweza kuwa na mshipa pale mkono ulipokataa, kwamba damu ya mtoto wa hivyo huchelewa kurudi kwenye kanula na mwenye haraka huichomoa ilhali alikuwa ameshaingia: hayo hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kitanda kwa kitanda.

Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza. Kila mhitimu anajua kwamba damu ikianza kuongezwa, dakika 15 za mwanzo asiondoke kando ya kitanda. Ni wachache wanaojua namna ya kuzipata dakika hizo wakati vitanda vingine vinaita. Kila mhitimu anajua kwamba mjamzito mwenye kifafa cha mimba akipewa magineziamu, lazima upumuaji, mkojo na mshtuko wa goti viangaliwe kabla ya kila dozi inayofuata. Kuzoea kufanya hivyo saa tisa usiku, leba ikiwa imejaa, ni elimu nyingine. Mambo madogo ndiyo huchosha zaidi: kukabidhi zamu kwa ripoti isiyosahau kitu, kumpigia daktari simu ya pili baada ya kufokewa kwa ya kwanza, kujaza rejesta za takwimu za MTUHA bila kumwacha mgonjwa, kumwambia ndugu kwamba dawa haipo na inabidi wakanunue nje.

Jambo hili lina vitabu vyake. Mwaka 1974 Marlene Kramer wa Marekani aliandika juu ya mshtuko wa muuguzi mpya anayekuta wodi si ile aliyosimuliwa chuoni. Mwaka 1984 mwenzake, Patricia Benner, alieleza ngazi tano kutoka mwanafunzi hadi mbobezi, na akaweka umahiri wa kawaida kwenye mwaka wa pili au wa tatu wa kazi ile ile. Wiki ya pili haikuwamo.

Nyumbani pia upo ushahidi, na ni mzito kuliko vitabu. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walifundishwa kwa siku moja kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Ujuzi wao mbele ya mdoli ulipanda. Walichofanya leba hakikubadilika. Yalipoletwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Mdoli ulikuwa ule ule na wakunga wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mafunzo yalihamia mahali pa kazi na yakarudiwa.

Wakuu wakiulizwa, hujibu kwa neno moja: uhaba. Uhaba upo, hakuna anayeubishia. Lakini si uhaba uliomzuia mtu kuinuka kwenye kiti Jumanne usiku. Kilichomzuia ni urithi. Mkongwe naye aliingia wodini akatupwa, akalia chooni, akazoea, na akahesabu kuzoea huko kuwa ndiko kufuzu. Kumshika mkono mgeni kunaonekana kumdekeza. Tandiboi wa lori la Tunduma hapewi usukani wiki ya pili, na mwenye lori hasemi kwamba anamdekeza. Anasema gari ni mali.

Siku ya kuapa, wahitimu hushika mshumaa au taa kwa kumbukumbu ya Florence Nightingale, aliyekwenda vitani Scutari mwaka 1854 na wanawake 38. Mwenye jina la Kibatari hawezi kugombana na taa. Ila chuo kilichofunguliwa kwa jina la mama huyo London mwaka 1860 kiliwaweka wanafunzi wodini chini ya macho ya sista wa wodi, siku baada ya siku. Taa imerithiwa. Sista wa wodi hakurithiwa.

Yanayobaki ya mwaka wa kwanza yana utaratibu kamili. Mshahara hukatwa asilimia 5 ya pensheni, asilimia 3 ya bima ya afya, na kwa aliyesoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 ya marejesho, mbali na kodi. Muda wa matazamio ni miezi 12, kisha muuguzi huthibitishwa kazini. Leseni huhuishwa, na mafunzo endelevu huhesabiwa kwa alama. Serikali inajua mpaka sehemu ya mia ya kumkata muuguzi mpya. Nani asimame naye kitandani miezi mitatu ya mwanzo, hilo limeachiwa moyo wa atakayekutwa zamu.

Jumanne ile, moyo ulipatikana saa tano kasorobo usiku, baada ya bibi kuanza kulia kwa sauti iliyofika kwenye chai. Mkongwe alitoka. Alimtazama mtoto, akaugusa mguu kwa kidole kimoja, akafungua kanula. Mikono yake ilikuwa mizuri kuitazama, hilo lisemwe. Kabla hajachoma alimgeukia binti.

“Nenda kalete plasta stoo.”

Binti alikimbia. Aliporudi nayo, dripu ilikuwa inadondoka na mkongwe alikuwa ameshafika mlangoni kwake. Binti akainama, akaanza kuhesabu matone.