Bakteria anayewaka kijani na maji ya mchicha wetu

Vijana wengi mnaolima mchicha na matembele kwenye mabonde ya mito hapa Dar mnaniuliza mbegu gani, mbolea gani. Maji yana nini? Hilo sijaulizwa sana.

Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Walipima shaba, zinki, risasi na kadimiamu, na vyote vilikuwemo kwenye mboga. Risasi na kadimiamu huvioni kwa macho, na kuchemsha mboga hakuviondoi. Kuosha kunatoa vumbi la juu tu. Kilichopanda na mizizi kimo ndani ya jani.

Sasa kuna kitu cha maabara nimekipenda. Mwaka 1962 Mjapani Osamu Shimomura na wenzake waliripoti protini ya konyeza, yule yavuyavu wa baharini, inayong'aa kijani ukiimulika kwa mwanga wa buluu. Mwaka 2008 akapata Nobeli ya Kemia pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Siku hizi wanasayansi huchukua jeni la protini hiyo na kulifunga kwenye swichi ya bakteria inayoamka aseniki ikimwingia. Mweke kwenye maji yenye aseniki, anawaka! Wapo pia wa zebaki na kadimiamu.

Kwa maoni yangu kipimo hiki kingetufaa sana, maana kinaonyesha madini ambayo kiumbe hai anaweza kuyafyonza, siyo jumla ya yaliyomo tu. Ila bakteria huyo amebadilishwa vinasaba, si wa kumwaga bondeni ovyo, na akishawaka bado unahitaji maabara ikupe kiwango kamili. Kwa hiyo msikae kumsubiri.

Kuna wanaosema ukipima unajichongea, ukikuta risasi biashara imekufa. Sikubaliani nao. Mboga inaliwa na watoto, wako wakiwemo. Na majibu mabaya hayafungi shamba: unaweza kuhamia bamia au nyanya, kwa kawaida tunda hubeba madini haya kidogo kuliko jani. Maji ya kisima nayo yapimwe, usiyaamini kwa sababu ni meupe.

Changeni kikundi kizima, mpeleke sampuli ya maji na ya udongo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ulizeni kwanza bei na chupa wanayotaka, maana chupa ya soda iliyosuuzwa harakaharaka inaweza kuharibu majibu.