Mstari Uliopotea kwa Grafu Yako Huenda Umefunikwa Tu

Chukua siku nne za kibanda cha mboga kinachopokea pesa kwa till. Jumatatu ziliingia shilingi 4,200, zikatoka 3,100. Jumanne ziliingia 3,800, zikatoka 3,800. Jumatano vilevile, 4,000 kwa 4,000. Alhamisi afadhali: 4,500 ziliingia na 3,000 zikatoka.

Sasa zichore kwa grafu moja, mstari wa kijani uwe wa pesa zinazoingia na mwekundu wa zinazotoka. Kati ya Jumanne na Jumatano kijani hakuna. Kimeenda wapi? Kiko palepale, chini ya nyekundu. Namba zikilingana, nukta zinakaa mahali pamoja, na ile iliyochorwa mwisho inafunika mwenzake.

Mtu akiona hivyo anafikiri mtandao ulisumbua ama malipo hayakuingia. Anapiga simu kwa huduma kwa wateja, na pesa zake ziko sawa kabisa. Lakini kuna jambo linalotukera zaidi. Siku mistari hii miwili inapokutana ndiyo siku ulitumia kila shilingi uliyopata. Hiyo ndiyo siku mwenye biashara anafaa kuiona kwanza, na ndiyo hiyo grafu inaificha! Kwa maoni yetu, kampuni yoyote inayomwonyesha mteja pesa zake kwa picha haifai kuchukulia hili kama mambo ya urembo.

Huko chini kwa sifuri ni balaa zaidi. Kama wiki hiyo hukuweka akiba na hukulipa mkopo, mistari yote miwili inalala pale chini na wewe unaona mmoja tu. Unaweza kudhani ni akiba pekee iliyokwama, kumbe deni nalo halijaguswa.

Wengine husema rangi zifanywe nyepesi, ya chini ionekane kupitia ya juu. Kwa kompyuta ya ofisini, sawa. Kwa simu yenye kioo kidogo, jua la saa saba likiwaka sokoni, nyekundu juu ya kijani inakuwa tope tu. Tena kuna watu ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Wengine husogeza nukta kidogo ili zisikaliane. Hapo hatukubali: 3,800 ni 3,800, na pesa ya mtu haisogezwi ili picha ipendeze.

Tunachopendelea ni maumbo. Mstari wa nyuma uwe mnene, wa mbele mwembamba. Nukta moja iwe duara kubwa lililo wazi katikati, nyingine iwe kidoti ndani yake. Zikikutana, unaona zote mbili. Mistari ikipita mitatu, bora kila mmoja upewe grafu yake ndogo, zote kwa kipimo kimoja, zipangwe moja chini ya nyingine.

Kama unajichorea hesabu zako kwa Excel, jua kwamba mstari ulioorodheshwa mwisho ndio huchorwa juu. Badilisha mpangilio uone kama ule uliopotea utajitokeza. Na ukiwa na karatasi tu, soma namba zenyewe kwa taarifa yako ya malipo, siku kwa siku, kabla hujaamini picha.